Viti vya bure vinabaki vitupu: kituo cha sanaa kianzie wapi na majirani zake?

Swali: Msomaji mmoja ameajiriwa hivi karibuni kuwa afisa wa mahusiano ya jamii katika kituo cha sanaa za maonyesho. Anaandika kwamba kituo chao kimezungukwa na mtaa wenye wakazi wengi, kwamba kwa misimu miwili kimetenga tiketi za bure kwa ajili ya wakazi hao, na kwamba sehemu kubwa ya viti hivyo hubaki vitupu. Bodi inamtaka aandae mpango wa mwaka mzima. Anauliza aanzie wapi, kama ni vyema kuyapeleka maonyesho mitaani badala ya kuwangoja watu waje, na atajuaje kama mpango umefaulu.

Jibu:

Ndugu muulizaji, nakushukuru kwa kuandika bila kuficha habari ya viti vitupu, kwa sababu ndani ya habari hiyo ndimo lilimo jibu la sehemu kubwa ya maswali yako.

Tiketi ya bure huondoa kizuizi kimoja tu, yaani bei, na kwa mtu ambaye hajawahi kuvuka mlango wa jengo lenu mara nyingi bei siyo kizuizi cha kwanza. Anajiuliza avae nini, mtoto akilia afanye nini, onyesho litakwisha saa ngapi, atarudije nyumbani usiku, na watu watakaoketi kando yake watamtazama kwa jicho gani. Tiketi haijibu hata moja kati ya hayo. Tena tiketi ya bure, hasa ya onyesho lisilopata wanunuzi, inaweza kumfanya anayepewa ahisi kwamba anaitwa kuziba pengo. Watu hulitambua jambo hilo upesi, na wengi wao, kwa kulinda heshima yao, hulijibu kwa kutokuja. Kwa hiyo nisingetafsiri viti vitupu kuwa ni ushahidi kwamba majirani zenu hawapendi sanaa. Mtaa wowote wenye watu wengi una kwaya, wachezaji, wapiga ngoma au magitaa, wachekeshaji na watoto wanaoigiza. Wana sanaa yao tayari, na wanaifanya bila ninyi.

Ushauri wangu mkuu ni huu: kabla ya kuwaalika majirani kutazama, wapeni nafasi ya kulitumia jengo. Mengine yote nitakayoyasema yanatokana na hilo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote katika jambo hili ni wa Paris. Mwezi Oktoba 2008 jiji hilo lilifungua kituo cha sanaa kiitwacho Centquatre katika wilaya yake ya 19, ndani ya majengo makubwa yaliyokuwa ya huduma za mazishi za jiji, mahali ambapo zamani majeneza yalitengenezwa na magari ya maiti yalianzia safari. Eneo lile lina wakazi wengi wa kipato cha chini na familia nyingi zenye asili ya uhamiaji. Kituo kilianza kwa malengo ya juu ya kisanaa, lakini miaka yake ya kwanza ilikuwa ya shida: watazamaji hawakufikia matarajio, fedha zikabana, na wakazi wengi wa karibu waliliona jengo kuwa la watu wengine. Mwaka 2010 uongozi ulibadilika, akaingia José-Manuel Gonçalvès, na jambo lililokuja kukitambulisha kituo chini yake ni uamuzi ulio rahisi kuueleza na mgumu kuuvumilia. Eneo kubwa la katikati ya jengo liliachwa wazi, ili yeyote apitaye aweze kufanya mazoezi humo bila kulipa. Wakaja vijana wa hip hop, wakaja wacheza sarakasi na waigizaji wanaokariri maneno yao, kila kundi likijitafutia kona. Kando ya hapo ipo sehemu iliyotengwa kwa ajili ya wakazi wa jirani wanaofanya sanaa kwa mapenzi tu, na nyingine ya watoto wadogo sana pamoja na wazazi wao. Mtu aliyenunua tiketi ya onyesho la jioni hupita katikati ya wanaofanya mazoezi ili kuufikia ukumbi, nao humwona akiingia.

Sababu ya mafanikio hayo si ngumu kuielewa. Kituo cha sanaa kina kitu ambacho nyumba nyingi za mjini hazina: nafasi kubwa iliyo safi, yenye paa, taa, umeme, choo na sakafu ya kuchezea. Na kumbi nyingi za maonyesho, ukiacha saa za mazoezi na saa za kupanga taa na mandhari ya jukwaani, hulala kutwa nzima hadi jioni. Kijana anayekuja kufanya mazoezi kila wiki hatahitaji kushawishiwa kwamba jengo ni lake pia. Atakuwa amekwisha kuzijua ngazi zake, amejuana na mlinzi, na siku atakapoona bango la onyesho la ngoma ataliona kama tangazo la nyumbani.

Huenda kituo chenu si kikubwa hivyo, na wala si lazima kiwe. Royal Festival Hall ya London ilifunguliwa mwaka 1951, lakini hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 sehemu zake za mapokezi zilikuwa kwa kawaida za wenye tiketi nyakati za maonyesho. Mwaka 1983 Baraza la London Kuu, yaani serikali ya jiji ya wakati huo, liliamua zifunguliwe mchana kutwa kwa watu wote, na tangu hapo mtu anaweza kuingia akaketi, akasoma au akakutana na rafiki bila kununua chochote. Uamuzi wa aina hiyo hauhitaji kuandaa hata onyesho moja. Unahitaji mlinzi wa mchana, msafishaji, viti, maji ya kunywa, bima inayowahusu watu wasio na tiketi, na bodi iliyo tayari kuona watu wameketi ndani ya jengo lake bila kuleta mapato. Hayo ya mwisho ndiyo magumu, nami ningeyazungumza na bodi mapema, kabla ya kuandika mpango.

Niruhusu nikae kidogo mlangoni, kwa kuwa ndipo mipango mingi mizuri inapoharibika. Mtu wa kwanza ambaye mkazi wa mtaa hukutana naye si mkurugenzi wa sanaa wala wewe, ni mlinzi. Mlinzi akiwa ameelekezwa kwamba kazi yake ni kuzuia wasiohusika, atawazuia hasa wale mnaotaka waingie, kwa sababu ndio wasiofanana na wateja wa kila siku. Kama ningekuwa na fedha za jambo moja tu katika mwaka wa kwanza, ningezitumia hapo: kuwafundisha walinzi, wakata tiketi na wapokea wageni, kuwashirikisha katika kuandika kanuni za mlango, na kuwaajiri baadhi yao kutoka katika mtaa wenyewe. Ajira ni njia ya kuifikia jamii ambayo vituo huisahau, ilhali fundi wa taa anayeishi mtaa wa pili hulizungumzia jengo nyumbani kwake kila siku kwa uhakika ambao kipeperushi hakitaupata kamwe.

Ndani ya ukumbi nako kuna mlango mwingine usioonekana, nao ni ule utaratibu wa kukaa kimya gizani bila kujongea. Battersea Arts Centre ya London, ambayo imo ndani ya jengo lililokuwa makao ya serikali ya mtaa, ilijitangaza mwaka 2020 kuwa kituo cha kwanza duniani kinachofanya kazi yake yote kwa utaratibu uliolegezwa: mtazamaji anaruhusiwa kutoka na kurudi, kutoa sauti na kujongea apendavyo, na watu huelezwa mapema watakayoyaona na kuyasikia. Utaratibu huo ulianza kwa kuwafikiria watu wenye ulemavu na wenye usonji, lakini ukiutazama vizuri utaona unamfaa pia mama mwenye mtoto mchanga, mzee asiyeweza kuketi muda mrefu, na yeyote aliyezoea maonyesho ambamo hadhira huitikia kwa sauti. Si lazima kila onyesho liwe hivyo. Onyesho moja kati ya kila mfululizo linatosha kuanzia.

Mkifungua, hata hivyo, watakuja na wale msiowatarajia, na hapo ndipo mtakapopimwa. Chini ya jengo la Queen Elizabeth Hall, pale pale kando ya Royal Festival Hall, vijana wamekuwa wakiteleza kwa ubao wenye magurudumu tangu miaka ya 1970. Hakuna aliyewaalika, waliona sakafu yenye miteremko, wakaifanya yao. Mwaka 2013 uongozi wa Southbank Centre, kituo cha sanaa kinachosimamia kumbi hizo mbili, ulitangaza mpango wa kupanua majengo ambao ungewahamishia mahali pengine karibu na hapo. Yakazuka mapambano makubwa ya umma, na mwezi Septemba 2014 pande mbili zikafikia makubaliano kwamba vijana wabaki. Baadaye wakashirikiana kukusanya fedha za kukarabati sehemu iliyokuwa imezibwa, ambayo ilifunguliwa tena mwaka 2019. Kituo kilikuwa na jamii ya miaka 40 chini ya miguu yake, yenye ufundi na historia yake, lakini katika mipango ya ujenzi kikaitazama kama shughuli inayoweza kusogezwa. Kabla hujaenda kuwatafuta majirani, tembea kuzunguka jengo lenu asubuhi, mchana na usiku, uone ni nani tayari wanatumia ngazi zake, kuta zake na kivuli chake.

Ulizia pia historia ya kiwanja. Katika miji mingi vituo vikubwa vya sanaa vilijengwa mahali ambapo watu walikuwa wakiishi, na kumbukumbu hiyo haifutiki kwa kuwa jengo ni zuri. Lincoln Center ya New York, ambayo Rais Dwight Eisenhower aliizindulia ujenzi tarehe 14 Mei 1959, ilijengwa katika eneo la San Juan Hill, lililokuwa na wakazi wengi weusi na wenye asili ya Puerto Rico, na zaidi ya familia 7,000 zilihamishwa. Majengo yenyewe yalielekezwa upande wa mashariki, huku upande wa magharibi, unaotazamana na nyumba za umma za watu wa kipato cha chini, ukiwa na ukuta. Ilichukua zaidi ya nusu karne kwa kituo hicho kuliweka jambo hili mbele ya watu waziwazi. Ukumbi wake mkuu wa muziki ulipofunguliwa upya Oktoba 2022, ulianza kwa kazi mpya ya mwanamuziki Etienne Charles iliyohusu San Juan Hill, na katika miaka ya karibuni uongozi umewashirikisha wakazi katika kuupangia sura mpya ule upande wa ukuta. Kama kuna jambo la namna hiyo katika kiwanja chenu, majirani wazee wanalijua, na kila mwaliko mtakaowapelekea wataupima kwa hilo. Ni heri mlitaje ninyi kwanza.

Sasa nije kwenye swali lako la kuyapeleka maonyesho mitaani. Jibu langu ni ndiyo, lakini kwa masharti, na kwa kukataa kitu kimoja kabisa. Ninachokikataa ni lile onyesho fupi lenye ujumbe, linaloandaliwa ofisini kuhusu tatizo ambalo wageni wameamua kwamba mtaa unalo, kisha likachezwa uwanjani mara moja na kikundi kikaondoka siku hiyo hiyo. Watu watalitazama, kwa sababu ni adabu kumtazama mgeni na kwa sababu ni bure, lakini wanajua wamehubiriwa. Onyesho linalokwenda mtaani liwe lile lile bora mnaloliweka jukwaani kwenu, lenye waigizaji wale wale na maandalizi yale yale, likirekebishwa kwa mahitaji ya uwanja. Na liwe na njia ya kurudi: warsha ya wiki kadhaa baadaye mahali hapo hapo, au kikundi cha mtaa kitakachopanda jukwaa la kituo msimu unaofuata.

Hiyo njia ya kurudi ndiyo iliyopangwa vizuri katika mpango wa Public Works wa ukumbi wa Public Theater wa New York, ulioanza mapema katika muongo wa 2010 chini ya mwelekezaji Lear deBessonet. Hawakuanza kwa kumwita mkazi mmoja mmoja. Walichagua taasisi chache ambazo watu walikuwa tayari wanaziamini katika sehemu mbalimbali za jiji, wakafanya nazo warsha kwa mwaka mzima, na mwaka 2013 watu wapatao 200, wengi wao wakazi wa kawaida pamoja na waigizaji wachache wa kulipwa, wakapanda jukwaa la wazi la Delacorte katika bustani ya Central Park wakaigiza tamthilia moja ya Shakespeare. Mpango huo umeendelea kwa miaka mingi, na uhusiano na taasisi hizo umedumu. Mimi naliona fundisho lake katika neno “chache”. Afisa mpya hupenda kuandika orodha ndefu ya washirika kwa kuwa inapendeza katika ripoti, lakini taasisi 3 ambazo utazitembelea kila mwezi zitakufaa kuliko 30 zilizotia sahihi barua. Usizichague zile zenye ofisi nzuri. Uliza watu wa mtaa wao huenda wapi wakiwa na shida, au wakiwa na sherehe.

Linalofuata ni mazoezi, na hapa ninao mfano wa nyumbani kwetu Afrika ya Mashariki ambao dunia nzima huusoma. Katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ huko Limuru, Kenya, mwaka 1977, wanakijiji walijenga wenyewe jukwaa la wazi lenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000, wakaandaa tamthilia kwa lugha ya Kikuyu pamoja na waandishi Ngũgĩ wa Thiong’o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Rasimu ilisomwa na kurekebishwa na wakulima na vibarua, ambao waliijua lugha, nyimbo na maisha yaliyoelezwa kuliko msomi yeyote, na mazoezi yalifanyika hadharani mbele ya kila aliyetaka kusimama na kutazama. Watazamaji wakatoa maoni yao, na mazoezi yakabadilika. Onyesho lilipoanza mwezi Oktoba lilipata hadhira kubwa iliyokwisha kulijua na kulipenda kabla halijafunguliwa. Serikali ililipiga marufuku mwezi Novemba mwaka huo huo, na mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Kituo chenye bodi na wafadhili hakiwezi kuiga yote yaliyofanyika pale, na sidai kwamba kiige. Lakini kufungua mazoezi kunawezekana popote. Jioni moja kwa wiki, acheni mlango wa chumba cha mazoezi wazi, mwelekezaji aeleze anachokitafuta, watu waulize, na waigizaji wasikilize. Baadhi ya wasanii watapinga kwa kuwa mazoezi ni mahali pa kukosea bila kuonwa, na hoja yao ina uzito. Ndiyo maana nikasema jioni moja.

Kuhusu saa na siku sina mengi ya kusema isipokuwa kwamba onyesho la usiku linawafaa wenye usafiri wao na wasio na watoto wadogo. Jaribuni la alasiri mwishoni mwa wiki.

Fedha zinahitaji uwazi zaidi. Mtu wa mtaa anayewapa saa zake, ujuzi wake au jina lake zuri kwa jirani zake anafanya kazi, naye alipwe, kama mnavyomlipa mshauri kutoka mbali. Kiongozi wa kwaya anayefundisha warsha kwenu apate malipo sawa na msanii mgeni anayefundisha warsha ya urefu huo huo. Nauli, chakula cha mazoezi na uangalizi wa watoto viwe ndani ya bajeti tangu mwanzo, visingoje huruma ya mtu. Na usiuweke mpango mzima kwenye ruzuku ya mwaka mmoja. Kijana aliyezoea chumba cha mazoezi kila Jumanne, akaja akakuta kimefungwa kwa sababu mfadhili amebadili mwelekeo, amepata jibu la swali lake la zamani kuhusu jengo ni la nani, na itakuwa kazi kubwa kumrudisha. Chagueni mambo madogo ambayo kituo kinaweza kuyagharimia kwa bajeti yake ya kawaida hata mwaka mbaya, na hayo ndiyo myaahidi hadharani. Makubwa yaje ruzuku ikipatikana.

Utakapofika kwenye kupima mafanikio, bodi itataka hesabu ya tiketi, nawe uipe, lakini usikubali iwe hesabu pekee. Uhesabu pia ni wakazi wangapi wameingia ndani ya jengo bila tiketi, na wangapi wamerudi kwa mara ya pili na ya tatu, maana anayerudi ameamua mwenyewe. Uhesabu ni saa ngapi za vyumba vya mazoezi zimetumiwa na vikundi vya mtaa, ni malipo kiasi gani yamekwenda kwa watu wa mtaa, na ni wangapi wameajiriwa. Andika pia mambo ambayo majirani waliyaomba, yaliyotekelezwa na yaliyokataliwa, pamoja na sababu. Orodha hiyo ya mwisho itaonyesha kama sauti ya mtaa inabadilisha chochote ndani ya kituo, na kama baada ya mwaka mzima hakuna ombi lolote lililobadilisha ratiba, kanuni au matumizi ya fedha, basi mpango umekuwa wa matangazo. Iombe bodi itenge viti viwili vya ujumbe kwa wakazi watakaochaguliwa na wenzao wa mtaani, wenye kura kamili, na uombe hilo mwaka huu wa kwanza, wakati wewe mwenyewe ungali mgeni na bado unaweza kuuliza maswali ambayo wenyeji wa ofisi wameacha kuyauliza.